Usitoe hela ya hiyo drifti boti kabla hujauona Blackfoot mwezi wa nane

Kaka simama hapohapo, usilipe. Umesema uko Missoula, kule Montana Marekani, unataka boti ya kuvulia samaki wa trauti mto Blackfoot, kuna mtu anakuuzia drifti boti ya faiba, ile boti ngumu ya makasia ya kuteremkia mto, na wewe unajiuliza uchukue hiyo au rafti, ile boti ya mpira ya kujazwa upepo. Chukua rafti.

Mimi niliuziwa hiyohiyo ya faiba. Muuzaji alinipeleka majini mwezi wa sita, theluji ya milimani inayeyuka, mto umejaa, boti inateleza raha tupu, unasimama mbele unarusha ndoano kama uko sebuleni kwako, nikamuuliza na mawe je, akanijibu mkavu "hii inapita popote". Popote! Mtu anaujua ule mto miaka yote anakutazama usoni anakwambia popote, mpaka leo nikikumbuka nachemka. Agosti ikafika, maji yakashuka, yale mawe tuliyopita juu yake bila kuyaona yakatoa vichwa, tukagonga moja kwa ubavu, faiba ikapasuka karibu na miguu ya shemeji yangu, maji yakaingia na mule hayatoki mpaka uyachote kwa kopo. Tukaanza kuliburuta kwenye changarawe, zito balaa, jua kali, na siku zile uvuvi ulikuwa unafungwa saa nane mchana kwa sababu maji yamepata joto, samaki wanachoka. Hatukuvua kitu. Halafu hela ya fundi wa faiba, hiyo ndo iliyoniuma kuliko yote, na muuzaji simu hapokei.

Rafti ikigonga jiwe inabonyea, inazunguka, inaendelea na safari. Chukua yenye sakafu ya matundu, maji yanatoka yenyewe, na unaiteremsha hata pasipo na njia ya trela. Upepo unaisumbua, sikatai, utapiga kasia mpaka mabega yawake.

Ungekuwa unavua mto Missouri kule Craig ningekwambia chukua drifti boti na usigeuke nyuma, maji pale yanatoka bwawa la Holter, hata Agosti kina kipo. Ila wewe unaenda Blackfoot! Boti unaichagua kwa maji ya Agosti, SIYO ya Juni, hilo tu ndo ushike. Huyo jamaa mwambie akupeleke mwezi wa nane kwa boti yake hiyohiyo, mteremke mpaka Blackfoot unapoingia mto Clark Fork, akianza kupiga chenga usimpe hata senti.