Krismasi yetu tunaanza kuipanga na Januari

Kati ya Krismasi na siku ya kufungua shule kuna wiki chache tu, na kodi ya nyumba ya miezi sita nayo mara nyingi inaangukia hapo hapo. Ndiyo maana nyumbani kwetu Tabata, Dar es Salaam, natoa kwanza hela ya Januari: sare, madaftari, viatu, kodi. Kinachobaki ndicho cha sikukuu. Shule za serikali ada ilifutwa kuanzia 2016, lakini kila mzazi anajua kuwa mtoto haendi darasani bila daftari na viatu.

Viatu vyeusi vya shule nanunua mwanzoni mwa Desemba, na watoto wanavivaa kwa mara ya kwanza kanisani siku ya Krismasi. Ukimvalisha na soksi mpya, mtoto anapendeza kabisa. Magauni na mashati natafuta kwenye mitumba ya Karume mapema, maana wiki ya mwisho vizuri vyote vimeshachukuliwa. Sare nampelekea fundi Novemba, kabla nguo za sikukuu hazijamwelemea.

Ila kilichotusaidia kuliko vyote ni nyama. Majirani tunachanga kidogo kidogo kila wiki kuanzia Agosti, na mweka hazina anaandika kwenye daftari ambalo mwanachama yeyote anaruhusiwa kulikagua. Sikukuu ikikaribia, wenzetu wanaojua ng'ombe wanakwenda mnada wa Pugu. Ng'ombe anachinjwa machinjioni, mkaguzi anapitisha nyama, ndipo inaletwa mtaani kugawanywa. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa msipokubaliana mapema. Kwetu kila fungu lina steki, mbavu, mfupa wa supu, kipande cha ini na utumbo, na linapimwa kwenye mizani watu wote wakiona. Kisha mtoto mmoja anageuzwa mgongo, mtu anashika fungu na kuuliza, "Hili la nani?" Mtoto anataja jina. Ukipata fungu lenye mfupa mkubwa, unajua hakuna aliyekupangia.

Pilau haihitaji nyama nyingi. Kilo 2 za mchele na kilo 1 ya nyama, pamoja na kachumbari ya kutosha, watu 12 wanakula wakashiba. Bizari nzima, mdalasini, iliki na karafuu nanunua vya kupima na kutwanga mwenyewe. Vina harufu kuliko vya pakiti na bei ni nafuu. Soda sinunui kreti tena. Desemba ni msimu wa maembe, na ndoo ya juisi ya embe iliyochanganywa na ukwaju wageni wanaimaliza kabla ya wali.

Kuhusu safari, ushauri wangu ni mmoja: semeni mapema. Sisi kwetu ni Moshi, na nauli ya familia nzima mwezi wa kumi na mbili inaweza kula sikukuu yote. Mwaka tusioweza, nampigia mama mkwe Novemba.

"Shikamoo mama. Mwaka huu tunaomba tuje likizo ya Juni, Desemba imetubana."

"Marahaba mwanangu. Watoto wasome kwanza. Mtatutumia ya sukari."

Tunatuma ya sukari na mchango wetu wa mbuzi, na hakuna anayenuna. Watu hununa wakisubiri basi linaloshusha kila mtu isipokuwa wewe.

Na kama unasoma haya tarehe 20 huna akiba, tafadhali usikope kwenye simu kwa ajili ya kuku. Riba yake utakuwa unailipa wakati unatafuta hela ya madaftari. Nunua nusu kilo ya nyama na kilo moja ya mchele, mwombe jirani mmoja alete kachumbari na mwingine alete matunda, mle kwenye mkeka mmoja. Watoto waambie ukweli kabla ya siku yenyewe, na uwape kazi: mmoja achambue mchele, mwingine apambe mlango kwa matawi.