Wakili na Mtandao: Ankara si Risiti

*Karani wangu alipakia madai ya ajali ya matatu siku ya mwisho ya ile miaka mitatu ya kufungua dai, saa kumi na moja jioni. Mfumo wa mahakama ukatoa ankara. Tulilipa kesho yake asubuhi. Je, tumo ndani ya muda?*
Wakili, Tononoka

Usiweke tegemeo hapo, wakili. Ankara ni bili tu, na kwa kawaida mahakama zetu za Kenya huhesabu hati imewasilishwa pale ada inapolipwa. Dai la uzembe lina miaka 3 chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 22. La mkataba lina 6. Mwenzako wa upande wa pili atatazama tarehe ya risiti kabla ya kusoma hata aya moja ya madai yako. Kifungu cha 27 cha sheria hiyo, kinachoruhusu kuongezewa muda, kinamfaa majeruhi ambaye hakujua mambo ya msingi ya dai lake, hakimfai wakili aliyechelewa.

Sasa hivi piga picha ya ukurasa wa kesi unaoonyesha saa ya kupakia, uhifadhi ujumbe wa M-Pesa, kisha iarifu kampuni ya bima yako. Bima ya makosa ya kikazi, ambayo kiwango chake cha chini kwa mawakili ni shilingi 1,000,000, inaweza kukukataa ukikiri kosa kwa maandishi kabla ya kuwaambia wao. Mteja naye ana haki ya kujua mapema, na ashauriwe amuone wakili mwingine.

Kwa kesi zijazo, kwenye shajara andika tarehe mbili: ya sheria, na ya ofisi, siku saba kabla. Umeme ukikatika au mfumo ukigoma, una nafasi ya kupumua. Ukishalipa, usifunge kompyuta. Ingia tena, hakikisha kesi imepata nambari, pakua risiti na nakala yenye muhuri, uhesabu kurasa: kiambatisho kilichoskaniwa nusu ni ugonjwa wa kawaida. Ujumbe wa M-Pesa peke yake hautoshi. Tarakimu moja ya ankara ikikosewa, pesa zimetoka kwako lakini kwenye kesi hazionekani. Tazama pia umechagua kituo gani, maana Mombasa na Shanzu ni mahakama mbili, na mgogoro wa shamba la Kisauni haupelekwi kitengo cha kazi na ajira.

*Karani ndiye anayeingia kwa akaunti yangu, na nambari za siri huja kwenye simu yake. Kuna ubaya?*
Wakili, Tudor

Upo, tena mkubwa. Akaunti ina jina lako; kinachopakiwa humo kimepakiwa na wewe. Simu ya kupokea nambari iwe ya ofisi. Karani akiacha kazi, neno la siri libadilishwe siku hiyo hiyo, hata mkiwa mmeagana vizuri. Na barua pepe iliyosajiliwa ifunguliwe asubuhi na alasiri: Kanuni za Mwenendo wa Madai siku hizi zinaruhusu kumfikishia mtu hati kwa barua pepe na kwa ujumbe wa simu, hivyo siku zako zaweza kuanza kuhesabika huku hujasoma.

*Nimepakia ripoti ya daktari ya mteja mwingine. Nifanyeje?*
Wakili, Bondeni

Mwandikie naibu msajili wa mahakama leo, utaje nambari ya kesi na jina la faili, uombe faili hilo lizuiwe lisionekane. Mwombe wakili wa upande wa pili aifute nakala yake na athibitishe kwa maandishi. Habari za afya ni data nyeti: kama kuna hatari ya kweli kwa mwenyewe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa saa 72 tangu ugundue kumwarifu Kamishna wa Data, na mwenye ripoti aambiwe. Faili likiitwa “Scan0047”, kosa hili litarudi. Liite kwa nambari ya kesi na aina ya hati.