Mipini niliyoiuza na ile niliyobaki nayo

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na swali lake nimekaa nalo siku kadhaa kabla ya kushika kalamu. Umeniuliza niliwezaje kuendelea kukusanya mipini ya mabomba ya bia, ile inayovutwa baani ili bia imiminike, katika miaka ile niliyopunguzwa kazini na mama yako akiwa mgonjwa, wakati mtu mwenye akili timamu angeiuza yote. Na kwa kuwa sasa mambo yamekubana wewe pia, unataka kujua kama uuze mkusanyo wako mdogo au uuache palepale rafuni.

Kwanza ujue kwamba niliuza. Katika miezi mitatu ya mwanzo niliondoa mipini 11 kwa mkupuo mmoja, kwa mnunuzi wa kwanza aliyejitokeza, bila kuuliza kwingine. Miongoni mwake vilikuwamo vifundo vitatu vya duara, yaani mipini mifupi yenye umbo la mpira, vya aina iliyoenea katika baa za Marekani baada ya marufuku ya pombe, iliyodumu kuanzia 1920 hadi 1933, kuondolewa. Usoni vilikuwa na kibati cha enameli chenye jina la bia. Fedha niliyopata iliisha kabla ya mwezi kwisha, na vifundo vya namna ile sijavipata tena hadi leo. Sisemi kwamba kuuza kulikuwa kosa, maana dawa zilihitajika. Kosa langu lilikuwa kuuza kwa hofu, usiku, nikichukua vilivyokuwa mbele badala ya kuchagua. Mama yako ndiye aliyenisimamisha. Alisema nikiimaliza yote, jioni nitabaki namtazama yeye tu, naye amechoka kutazamwa kama mgonjwa.

Basi tukakubaliana, mimi na yeye, kwamba hakuna fedha ya nyumba itakayonunua mpini mpaka nipate kazi. Kwa zaidi ya miaka miwili sikununua hata mmoja, na huenda ndiyo miaka niliyojifunza mengi kuliko yote. Nilikuwa na daftari ambalo sikuwahi kulijaza vizuri. Nikalifungua upya na kuandika kila mpini umetengenezwa kwa kitu gani, una urefu gani, ulitoka kwa nani, na kiwanda chake kingali hai au kimekufa. Iliyojirudia nilibadilishana na wakusanyaji wenzangu, mmoja kwa mmoja, na kila upande ukajilipia gharama ya kutuma.

Nilijifunza pia kutengeneza, na hapa uniruhusu nirefushe kidogo. Mipini ya rezini, aina ya plastiki ngumu, ile yenye sanamu za samaki, dubu na meli, ni mizito upande wa juu, na uzito wote huo hubebwa na shingo nyembamba iliyofungwa kwenye bomba kwa skrubu moja, ambayo kwa mabomba ya Marekani huwa na kipenyo cha inchi 3/8 na hesi 16 katika kila inchi. Ukianguka, huvunjika shingoni. Nilikuwa na mmoja uliokatika vipande viwili, nao nilikuwa nimeufungia kwenye mfuko nikiuonea aibu. Nilitoboa tundu jembamba katika kila kipande, nikapitisha kijiti cha chuma, nikajaza gundi ya epoksi, nikaufunga kwa kamba na kuuacha usiku kucha na mchana wake. Kisha zikafuata jioni nne za msasa na rangi, mama yako akiwa kitandani ananielekeza rangi ipi imekolea mno. Wa akriliki niliuharibu mwenyewe: niliupangusa kwa spiriti, ukajaa nyufa ndogondogo ambazo hazifutiki. Nawe usirudie, tumia maji ya vuguvugu na sabuni laini.

Kuna jambo moja ambalo bado linanisumbua. Baa zilipofungwa mwaka 2020, mwenye baa mmoja niliyemfahamu aliamua kutofungua tena, akaniambia nije nichague mipini. Sikuwa na cha kumlipa. Nikamwomba nimfanyie kazi badala yake, nikashinda siku nzima nikifungua mabomba, nikifunga bilauri katika magazeti na kubeba viti, na jioni nikaondoka na mipini minne. Alipokuwa akinipa wa mwisho aliushika kwa muda, akauvuta mbele kama anayemimina, kisha akauachia. (Mimi, unajua, siinywi bia hata tone.) Hiyo minne sijaiuza na sitaiuza, kwa sababu nahisi niliwekewa amana.

Sasa turudi kwako. Anza na mipini ya viwanda vinavyoendelea kutengeneza na kugawa mipini ileile, maana hiyo utaipata tena siku za neema. Uza mmoja mmoja, baada ya kuulizia bei kwa watu wasiopungua watatu, na upige picha kila mmoja kabla haujaondoka. Ya viwanda vilivyofungwa ishikilie kadiri unavyoweza. Ule wako wa Anchor, kwa mfano: kiwanda hicho cha bia cha San Francisco, Marekani, kilikuwa karibu kufilisika Fritz Maytag alipokinunua mwaka 1965, kikafufuka na kuwa mfano kwa wengi, kisha milango ikafungwa mwaka 2023. Usiuachie kwa bei ya haraka. Hata hivyo, ikiwa kodi ya nyumba inadaiwa na hakuna njia nyingine, uza huo pia, wala usinione nimekasirika. Jambo nisilotaka ni uuze kwa siri au ununue kwa siri, kwa sababu mwenzako akigundua, ugomvi hautakuwa tena wa mipini.

Ule uliokatika shingo upo hapa mezani ninapoandika. Mshono unaonekana ukiugeuza kwenye mwanga, na ile rangi ambayo mama yako alisema imekolea mno, kweli imekolea. Ukija, njoo na wako uliosema unalegea. Yaelekea hesi za ndani zimelika, nami nina kipande cha shaba kitakachoingia humo.

Ni mimi,
Baba yako