Nguzo zimemwagwa kwa ramani ya zamani, tufanyeje?

SWALI: Habari za kazi injinia. Ofisini kwetu tupo watu 6, akitekti, mainjinia na wachoraji, kila mtu ana laptop yake na michoro tunarushiana kwa wasap au flashi. Juzi saiti wamemwaga zege la nguzo 4 kwa ramani ya zamani, kumbe akitekti alishasogeza gridi (mistari ya kupangia nguzo) sentimita 30 na sisi wa strakcha, yaani mainjinia wa nguzo, hatukupata. Tumebomoa kwa hela yetu. Bosi anataka anunue programu ya bei mbaya, je itatusaidia? Msomaji, Dodoma

JIBU: Pole sana ndugu yangu, kubomoa zege lililoshika kunauma. Ila mwambie bosi asubiri kwanza. Kampuni ya Airbus hawakukosa programu walipounda ndege yao kubwa ya A380, shida ni kwamba wa kiwanda cha Hamburg, Ujerumani, walichorea programu ya CATIA toleo la V4 na wa Toulouse, Ufaransa, toleo la V5, data zikawa hazihami vizuri kati yao, sasa walipoanza kutandaza nyaya, na ndege moja ina kama kilomita 530 za nyaya, zingine zikawa fupi hazifiki. Ndege ya kwanza ikakabidhiwa Oktoba 2007, imechelewa zaidi ya mwaka.

Kwenu ugonjwa ni kopi. Ukirusha faili wasap wakapokea watano, tayari mna ramani 6 na kila moja inabadilika kivyake. Wekeni foda moja ya mradi kwenye kompyuta ya ofisi ambayo wote mnaifikia, gridi iwe faili la akitekti peke yake na nyie wengine mliingize kwenye michoro yenu kama eksref, yaani programu ya kuchorea ya AutoCAD inalisoma kulekule liliko, akisogeza yeye wewe ukifungua unakuta imesogea. Nguzo zako hazitajisogeza zenyewe lakini utaziona zimebaki nje ya mstari, na hapo ndo unampigia simu kabla ya zege.

Majina ya "fainali" na "fainali mpya" acheni kabisa, andikeni namba ya mchoro na herufi ya revisheni, yaani toleo la mchoro, A, B, C, na anayetoa michoro kwenda saiti awe mtu mmoja tu, atoe PDF.

Halafu saiti kwenyewe, fundi anajenga kwa karatasi iliyobandikwa ukutani stoo, wala haangalii foda yenu. Ukipeleka B hakikisha unarudi na A mkononi, zote, hata ile aliyoikunja mfukoni.