Chakavu Nje, Nzima Ndani: Maswali Yenu Kuhusu Rivolva Zilizotumika

Ndugu wataalamu, kibali changu kimetoka na nataka rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya kulengea shabaha kiwanjani. Mpya siimudu. Zilizotumika zimejaa kabatini dukani, bei zinapishana mara mbili na zaidi, na kwa macho yangu zote ni zile zile. Nitajuaje ipi ni rahisi kweli na ipi ni rahisi kwa sababu ni mbovu? (Mpiga shabaha anayeanza)

Wauzaji wengi hupanga bei kwa macho. Rangi iliyokwanguka, mpini uliobadilishwa, mikwaruzo ya mfuko wa kiunoni, boksi lililopotea: hivyo ndivyo vinavyoshusha bei, na hakuna hata kimoja kinachoharibu shabaha. Ubovu wenyewe uko ndani, na mara nyingi umefunikwa na rangi inayong'aa. Basi tafuta yenye sura mbaya na viungo vizima, na usiionee haya.

Nenda na tochi ndogo, kitambaa, kipande cha karatasi nyeupe na fila geji, vile vibati vyembamba ambavyo mafundi wa magari hupimia nafasi ya vali. Omba ruhusa kabla ya kugusa chochote. Fungua silinda, tazama kila chumba (tundu la kuwekea risasi), kisha pitisha kidole kuhakikisha hakuna risasi. Rudia kila silaha inaporudi mkononi mwako, hata kama muuzaji ameiangalia mbele ya macho yako. Silinda ifunge kwa mkono taratibu. Kuirusha ifunge kwa kishindo hupinda mkono unaoibeba, na ukimwona muuzaji mwenyewe akifanya hivyo, ujue kila bastola kabatini mwake imeshapigwa hivyo.

Kipimo cha kwanza ni mzunguko. Gusisha kidole ubavuni mwa silinda, kiburute kidogo tu kama breki, halafu koki nyundo kwa dole gumba polepole sana. Kabla nyundo haijashika mahali pake, au papo hapo inaposhika, usikie komeo likiingia kwenye kijitundu cha silinda: tak. Fanya kwa kila chumba, sita au vyovyote vilivyopo. Ukikoki haraka silinda hujisukuma kwa kasi yake yenyewe na kuuficha ugonjwa, ndiyo maana tunasisitiza polepole. Nyundo ikishika huku silinda bado haijafunga, kisukumio (kipande kinachoizungusha silinda) au meno ya nyuma ya silinda yamelika. Risasi itaingia mtutuni upande, ichongwe ukingoni na kurusha vipande vya risasi kwa majirani zako kiwanjani. Kwa rivolva za Smith & Wesson, fundi wa silaha hufunga kisukumio kinene zaidi na mambo yakaisha; hapo una hoja ya kupunguziwa bei. Chumba kimoja tu kikikosea huku vingine vikiwa sawa, jino lake ndilo lililolika, na hiyo ni kazi ngumu zaidi.

Kipimo cha pili ndicho kinachowaponza wengi, kwa hiyo tukae nacho. Kati ya uso wa silinda na nyuma ya mtutu kuna nafasi ndogo. Ya kawaida ni milimita 0.10 hadi 0.20. Ikifika 0.30 gesi inavuja kwa wingi, kasi ya risasi inashuka na moto unaruka pembeni. Sasa, silinda ikichakaa hucheza pia mbele na nyuma, na watu huchanganya mambo haya mawili. Pima mara mbili: sukuma silinda mbele kabisa upime nafasi, kisha ivute nyuma kabisa upime tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo mchezo wa silinda.

Tuseme rivolva ya kwanza inakupa 0.10 mbele na 0.15 nyuma. Mchezo ni 0.05, hali njema, nunua. Ya pili inakupa 0.03 mbele na 0.20 nyuma. Mchezo ni 0.17, ni mwingi, lakini dawa yake ni washa nyembamba za milimita 0.05 zinazowekwa ndani ya silinda: kazi ndogo, spea rahisi. Ya tatu inakupa 0.12 mbele na 0.32 nyuma. Mchezo ni 0.20, unakaribiana na ule wa pili, na muuzaji atakwambia "ni washa tu." Siyo. Washa huirudisha silinda nyuma na kuishikilia huko, kwa hiyo nafasi itabaki karibu 0.30 na mtutu itabidi ufunguliwe, usogezwe nyuma na kuchongwa upya. Gharama ya hapo humeza punguzo lote. Fila geji moja tu ndiyo inayozitenganisha hizo mbili za mwisho. Kwa macho ni pacha.

Tatu, hakikisha silaha ni tupu, koki nyundo, ondoa kidole kwenye kifyatulio, kisha sukuma nyundo mbele kwa dole gumba kwa nguvu ya wastani. Ikianguka, mtu ameshapitisha tupa ndani akitaka kifyatulio chepesi. Irudishe kabatini. Hii haina bei nzuri.

Mtutu umulike kutoka upande mmoja huku karatasi nyeupe ukiwa umeishika nyuma ya silinda iliyofunguliwa, irudishe mwanga. Mistari ya kijivu kwenye mifuo (michirizi ya ndani ya mtutu) ni mabaki ya risasi, brashi itayatoa. Vishimo vyeusi ni kutu iliyokula chuma. Kivuli cha mviringo kama pete mahali pamoja kinatisha zaidi: risasi moja ilikwama, iliyofuata ikaigonga na mtutu ukavimba. Pitisha ukucha nje ya mtutu polepole, mara nyingine uvimbe unausikia kabla ya kuuona.

Mwisho, silinda ikiwa wazi, izungushe utazame ncha ya fimbo ya kutolea maganda. Ikiyumba, imepinda. Na vichwa vya skrubu: vikiwa vimetafunwa na bisibisi isiyotoshea, jua fundi wa jikoni alishaingia humo, ukaze macho kwenye vipimo vyote vilivyotangulia.

Nimeona Colt ya zamani, silinda haitikisiki hata chembe nikivuta kifyatulio. Smith & Wesson iliyo pembeni yake inatikisika kidogo na ni ya bei ya chini sana. Si Colt ndiyo nzima? (Mwenye mashaka)

Usizipime kwa kipimo kimoja. Kwenye Colt za mtindo wa zamani, Python ikiwemo (ile iliyotoka mwaka 1955, si ya sasa iliyorudi mwaka 2020), kifyatulio kikivutwa mpaka mwisho kisukumio huibana silinda dhidi ya komeo isitikisike. Kutotikisika ni hali yake ya kawaida. Ikitikisika ndipo imechoka. Smith & Wesson na Ruger zimetengenezwa na uhuru kidogo wa kushoto na kulia, ili risasi yenyewe isaidie kukilinganisha chumba na mtutu. Mtikisiko mdogo wa kukadiria kwa ncha ya kidole si ugonjwa.

Tena mtindo ule wa Colt unabana kisukumio kila risasi, kwa hiyo hukila mapema, na mafundi wanaoujua wamebaki wachache. Kama unatafuta ya kupigia kila wiki, hiyo ya bei ya chini ndiyo yako. Colt waachie wakusanyaji. Wao hulipia jina.

Muuzaji ana Smith & Wesson ya Vita vya Pili vya Dunia, nambari yake inaanza na V, mtutu mfupi, anasema inapiga risasi za .38 Special. Bei ni kama ya bure. Ninunue?

Kwanza soma ubavu wa mtutu. Ukikuta "38 S&W SPECIAL CTG", ilizaliwa hivyo, endelea na ukaguzi wa kawaida. Ukikuta "38 S&W CTG" bila neno la katikati, simama.

Wakati wa vita kampuni hiyo ilitengeneza rivolva nyingi kwa ajili ya Uingereza na nchi za Jumuiya yake, zikitumia risasi ya .38/200, ambayo ganda lake ni lile la .38 S&W. Ganda hilo ni fupi na nene kuliko la .38 Special: milimita 9.8 kwa upana dhidi ya 9.6. Baada ya vita nyingi ziliuzwa Marekani, na wafanyabiashara wakazikeketa vyumba viwe virefu ili .38 Special iingie. Urefu ukarekebishwa, upana wa nyuma hakuna awezaye kuupunguza. Matokeo yake ganda hufura karibu na kitako kila unapopiga, na mengine hupasuka. Wengi walikata na mtutu pia, kwa hiyo huo ufupi unaousema ni dalili ya pili.

Mulika chumba: utaona ngazi ndogo mahali upana wa zamani unapoishia na mpya kuanza. Kama kuna maganda yaliyopigwa na silaha hiyo, weka moja juu ya meza na ulibingirishe. Lililofura halibingiriki sawa. Kwa kupigia, usinunue hata kwa bei ya bure. Ambayo haijaguswa vyumba wala mtutu ni jambo lingine: hiyo ina thamani yake, ilimradi risasi za .38 S&W unazipata. Uliza bei ya boksi la risasi kabla ya bei ya bastola. Kaliba adimu hulipisha taratibu kile ulichookoa siku ya kwanza.

Ni rivolva ipi ya kaliba ya .357 iliyotumika isiyo na mtego?

Mtego unaojulikana zaidi ni wa fremu (kiunzi) ya ukubwa wa kati ya Smith & Wesson, Model 19 na ndugu zake. Ni silaha tamu mkononi, lakini mdomo wa nyuma wa mtutu umechongwa bapa upande wa chini ili mkono wa silinda upate nafasi, na hapo chuma ni chembamba. Zilizolishwa sana risasi nyepesi za .357 zenye kasi, za gramu 7 au 8, zilipasuka hapohapo. Fungua silinda, futa masizi kwa kitambaa, mulika upande wake wa chini kabisa. Ufa wa unywele unatosha kuikataa, kwa sababu mitutu ya spea ni adimu. Mkwaruzo wa moto juu, kwenye daraja la fremu mbele ya silinda, hauna uzito huo. Kwa kawaida huchimbika kidogo kisha ukaacha kuendelea.

Ukitaka kulala usingizi, tafuta Smith & Wesson 586 au 686, fremu kubwa zaidi iliyoletwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya tatizo hilo, au Ruger GP100 ya kuanzia 1985. Za chuma kisichoshika kutu zina faida ya ziada: mikwaruzo unaisugua mwenyewe. Ukikuta pete nyeusi ndani ya vyumba, mwenyewe wa kwanza alikuwa akipiga .38 Special, ambayo ganda lake ni fupi kwa zaidi ya milimita 3. Ni masizi. Mara nyingi ni habari njema, maana risasi laini hazikuitesa.

Rivolva zilizotoka polisi: zimechoka au la?

Nyingi hazijachoka. Tangu miaka ya 1980 na 1990 polisi wengi walihamia bastola za magazini, na rivolva zao, hasa Model 10 na ile isiyoshika kutu ya Model 64, zikauzwa kwa mafungu. Zilibebwa kila siku na kupigwa mara chache kwa mwaka. Ndiyo maana mdomo wa mtutu umekwanguka, mpini una makovu ya milango ya gari, na ndani meno ni makali. Saitizi zake (vya kulengea) hazirekebishiki, na hilo huwakimbiza wanunuzi. Kwa mita 15 halitakuzuia kitu.

Jihadhari tu na iliyopakwa rangi upya. Herufi zikiwa zimefifia kingo, na matundu ya skrubu yamezama kama visahani, gurudumu la kung'arishia lilipita hapo. Mkusanyaji hataitaka, kwa hiyo bei ishuke. Mpigaji hapotezi kitu isipokuwa kama kilichofutwa ni kutu iliyokula ndani. Nambari ya silaha ikiwa imefutwa au kuchongwa upya, weka chini uondoke, hata kama muuzaji ana leseni na maelezo marefu.

Ruger Blackhawk yenye skrubu tatu ubavuni. Kuna iliyobadilishwa na isiyobadilishwa, isiyobadilishwa ni ghali zaidi. Kwa nini?

Kwa sababu wakusanyaji wanapenda isiyoguswa. Za kabla ya 1973 hazina kipande cha kuzuia nyundo isigonge kitako cha risasi, hivyo ikianguka inaweza kulipuka. Wenye nazo hujaza risasi tano na kuacha nyundo juu ya chumba kitupu. Kampuni ilianza kuwafungia wenyewe kipande cha usalama bila malipo na kuwarudishia vile vya zamani.

Wewe unayetaka kupiga, chukua iliyobadilishwa: salama zaidi na bei ya chini. Halafu uliza kama ule mfuko wa vipande vya zamani upo. Wauzaji wengi huusahau kwenye droo, na ukitolewa bila nyongeza ya bei, utakuwa na silaha ya kupigia leo na ya kumuuzia mkusanyaji baadaye.