Kupeleka takwimu za Icecast kwenye Google Analytics

Ndugu, umeeleza kwamba umebandika msimbo wa Google Analytics (huduma ya Google ya kuhesabu wageni wa tovuti) kwenye ukurasa wenye kicheza sauti, lakini wageni wanaohesabiwa ni wachache kuliko wasikilizaji unaowaona kwenye Icecast, yaani seva inayorusha redio yako mtandaoni. Hujakosea. Msimbo ule ni JavaScript na hufanya kazi ndani ya kivinjari tu. Anayesikiliza redio yako kwa programu ya kuchezea sauti kama VLC hapiti kwenye ukurasa wako, hivyo haonekani.

Inabidi seva yenyewe itoe taarifa. Kwenye mpangilio wa Icecast washa uthibitishaji wa aina ya url, kisha uweke anwani za listener_add (msikilizaji anapoingia) na listener_remove (anapoondoka) zielekee kwenye skripti yako. Msikilizaji akiondoka, Icecast hutuma muda aliosikiliza kwa sekunde, na skripti huupeleka Google kupitia Measurement Protocol, njia ya Google ya kupokea takwimu moja kwa moja kutoka kwenye seva. Tafadhali kuwa makini hapa: skripti ya listener_add isiporudisha kichwa cha HTTP (header) icecast-auth-user: 1 kwenye jibu lake, kila msikilizaji atafungiwa nje. Jaribu kwanza kwenye mtiririko wa pembeni.

Jambo jingine linalosumbua wengi ni kwamba Google hujibu kana kwamba imepokea vizuri hata taarifa yenye kasoro. Tumia kwanza anwani yao ya majaribio, /debug/mp/collect, ikuonyeshe makosa.

Kama huhitaji takwimu za papo hapo, mimi ningechagua Matomo, programu ya takwimu za tovuti unayoweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe. Skripti yake import_logs.py husoma logi za Icecast moja kwa moja, na ukiiweka Matomo kwenye seva yako, anwani za IP za wasikilizaji wako hubaki hapo.