Mnaoanza kuzalisha kamba wa baharini, jifunzeni kumsoma jike kwanza

Wageni wa kazi hii wakishapata tu matenki na kamba wazazi, swali la kwanza ni jicho linakatwaje. Tulieni kidogo. Ni kweli inafanya kazi, kwenye kikonyo cha jicho ndo inakotoka homoni inayozuia mayai kukomaa, ukiondoa kimoja (kimoja tu jamani!) mayai yanaanza kujaa ndani ya siku 3 mpaka 7 hivi. Ila ukimkata jike aliyetoka kujivua gamba atavuja damu afe, na ukimkata anayekaribia kujivua atajivua tu, mayai huyaoni. Mkate akiwa katikati, gamba gumu.

Halafu angalieni ushauri mnaopewa ni wa kamba yupi, maana watu wanachanganya sana. Vannamei (kamba mweupe) jike anapandwa akiwa na gamba gumu na mayai yameshaiva, masaa machache kabla ya kutaga, na ule mfuko wa mbegu za dume unabandikwa nje tu pale chini katikati ya miguu, ukimshika ovyo wakati wa kumhamisha ukidondoka imekula kwako. Monodon (yule kamba wa milia) yeye anapandwa akishajivua tu, bado laini, mbegu anazihifadhi ndani na anaweza kutaga zaidi ya mara moja kwa mbegu zilezile, lakini siku akijivua tena zinaondoka na gamba la zamani. Kwa hiyo kama hamuandiki nani kajivua lini mtapata mayai mengi tu yasiyoanguliwa halafu lawama zote kwa maji.

Kila jioni pita na tochi, mulika jike ubavuni taratibu uangalie mstari wa mgongoni, ndo mayai yenyewe hayo. Monodon aliyeiva unakuwa kijani kilichokolea, mnene, na kwenye pingili ya kwanza nyuma ya kichwa unatanuka kama almasi. Vannamei ni rangi ya chungwa. Huyo mhamishie tenki la kutagia usiku huohuo, asubuhi ukikuta mstari umepotea ujue katoa, mrudishe kwao.

Chakula cha wazazi ni ngisi, kome na minyoo ya baharini. Minyoo inajaza mayai kuliko kitu chochote, ila ndo hiyohiyo inaweza kukuletea virusi vya madoa meupe, mi siingizi bila kipimo cha PCR (cha maabara, kinachosaka vinasaba vya virusi) hata muuzaji aape.

Maji yakiwa nyuzi 28 au 29 mayai yanaanguliwa ndani ya masaa 12 mpaka 18. Vitoto vya mwanzo havili, vinaishi kwa kiini kama siku mbili, washa taa upande mmoja wa tenki, vyenye nguvu vitaifuata, chota hivyo, vilivyolala chini achana navyo. Vikifika zoea, yaani hatua inayofuata ya ukuaji, ndo vinataka mwani, na hapo chota na glasi uangalie kwenye mwanga: anayekula anaburuta uzi mrefu wa kinyesi nyuma. Ukiona wengi hawana, kapime mwani saa hiyohiyo hata kama ni saa tisa usiku.